Anayelitazama Gari Lile Kila Siku Ni Mimi

Kwako mshauri ninayekuheshimu,

Nakuandikia kuomba msaada, na kabla ya kuuomba nakuomba radhi kwa urefu wa barua hii, maana mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja niliyefundishwa na mapadri kueleza jambo tangu mwanzo wake, na jambo hili nikilikata katikati litanionyesha kuwa mwema kuliko nilivyo.

Mke wangu alifariki mwaka juzi, na kwa kuwa nilifanya kazi ya masjala miaka thelathini na minne na sikuweza kukaa tu nyumbani nikitazama kuta, mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa, ambaye ana yadi ya magari yaliyotumika, alinipa meza ofisini kwake, akanipeleka mafunzo ya wiki sita, na tangu hapo kazi yangu ni kutunza kihesabio cha tovuti yao, yaani ule msimbo unaowekwa ndani ya kila ukurasa ili ijulikane ni gari gani limetazamwa na mara ngapi. Watu hudhani kitu hicho kikishawekwa kimewekwa. Sivyo: gari likiuzwa ukurasa wake unaondoka, gari likiingia ukurasa mpya unazaliwa bila kihesabio, fundi wa tovuti akibadilisha rangi tu basi fomu ya wateja inaacha kuhesabiwa, nami kila asubuhi hupitia ukurasa mmoja baada ya mwingine nikiweka alama ya vema katika daftari, na nakiri kwamba nimechoka.

Miezi mitatu iliyopita kihesabio cha zamani kilifungwa na wenyewe waliokitengeneza, ikatubidi kuhamia kipya. Nilihamisha kila kitu isipokuwa kimoja: orodha ya kompyuta za ofisini, ambazo hazipaswi kuhesabiwa. Niliisahau.

Sasa naomba univumilie. Katika yadi ile lipo gari dogo jeupe lililokuwa la mke wangu. Macho yangu hayaniruhusu tena kuendesha, kwa hiyo mkwe wangu alilichukua kuliuza, kwa ridhaa yangu kamili, wala simlaumu. Siku lilipopokelewa lilipigwa picha kumi na mbili kabla mtu yeyote hajaketi ndani, na katika picha ya tisa kiti cha dereva kimesogezwa mbele kabisa, karibu kugusa usukani, kwa sababu mama watoto alikuwa mfupi na hakukubali kutaniwa juu ya hilo. Katika gari lenyewe wateja wamekwisha kukirudisha nyuma kiti hicho. Katika picha bado kiko alivyokiacha. Basi huifungua picha hiyo nikifika kazini, huifungua baada ya chai, huifungua kabla ya kuzima kompyuta, na siku nyingine mara nyingi zaidi ya ninavyothubutu kukuandikia, na kila mara ilihesabiwa.

Mkwe wangu hupenda ripoti fupi, safu moja tu, mara ambazo kila ukurasa umefunguliwa. Gari jeupe likaongoza orodha. "Baba, unaona? Watu wanalitaka hili!" akaniambia, akakataa kupunguza bei, akaleta mengine matatu ya aina ileile, ambayo sasa yamekaa pale yakishika vumbi. Kisha akamgeukia muuzaji wetu, mwanamke mchangamfu tunayemwita Mama Pacha, anayelea watoto wake peke yake.

"Linatazamwa mara mia tatu kwa mwezi, na wewe unashindwa kuuza hata moja?"

"Sasa bosi, hao watu mbona hawapigi simu hata kwa kukosea namba?" akajibu Mama Pacha. "Au wanalitazama wapate usingizi?"

Ofisi nzima ilicheka isipokuwa mkwe wangu. Akampa hadi mwisho wa mwezi huu, na barua ya kumwachisha kazi imekwisha kuandikwa, kwani niliiona kwenye mashine ya kuchapia.

Kosa langu nililigundua wiki mbili zilizopita. Ningeweza kulisema siku ileile, lakini ningelazimika kumweleza mkwe wangu, ambaye hunisalimia kwa kuinama, kwamba baba wa mke wake huketi ofisini akitazama kiti kitupu. Na aibu iliyo kubwa zaidi, mshauri, ni kwamba tangu nijue sijaacha. Jana Mama Pacha aliniletea chai, akavuta kiti, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, wewe unayejua haya makompyuta, hebu nitazamie. Nakosea wapi?" Nikamwambia nitaangalia.

Nimefikiria kuirekebisha orodha ile kimyakimya na kuyaacha mambo yajitengeneze yenyewe. Je, hilo halitoshi? Unisamehe kwa kukuchosha.

Ni mimi,
Mzee wa Kihesabio

JIBU

Mzee wangu, shikamoo, na pole kwa msiba, maana miaka miwili si mingi. Barua yako nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nilikukasirikia, na naona vyote viwili unavistahili.

Kumtazamia marehemu kiti chake si kosa. Kusahau orodha nako ni uchovu tu, na kazi uliyoieleza ingemchosha yeyote. Kosa lako lilianza siku uliyojua ukanyamaza, na likakomaa ulipopokea kikombe cha chai mkononi mwa mtu anayeumia kwa sababu yako, ukamwambia "nitaangalia". Utaangalia nini, mzee? Si unajua tayari?

Na hilo wazo la kurekebisha kimyakimya liondoe kichwani leo hii. Wewe mwenye fani hujaliona? Ukiziondoa kompyuta za ofisini, kesho hesabu ya gari jeupe itaporomoka, na mkwe wako atasema Mama Pacha amewafukuza hata waliokuwa wakichungulia. Utakuwa umemmaliza kabisa.

Toa ripoti ya miezi yote mitatu, safari hii pamoja na ile safu unayoiacha, inayoonyesha watazamaji walikuwa watu wangapi. Mpelekee mkwe wako mkononi, ufunge mlango, umwambie, "Hesabu hizi ni zangu." Usianze na marehemu wala machozi. Anza na Mama Pacha, kwa sababu wewe ukitoka pale una pa kwenda na yeye hana. Akikuuliza kwa nini ulikuwa ukilifungua, mweleze ukweli, picha ya tisa na yote. Ataona haya kuliko wewe. Mwache aone, hamtakufa. Akikuondoa kwenye meza ile, kubali. Ila usitoke chumbani mle mpaka ile barua imechanwa. Kisha umwombe radhi Mama Pacha kwa mdomo wako mwenyewe, usimtume mtu.

Picha ipeleke studio wakuchapishie, uitundike nyumbani, uitazame utakavyo. Gari lipunguzwe bei, liende.

Jambo la mwisho. Jina lako nimelificha, na la muuzaji nimelibadilisha. Lakini gari dogo jeupe lenye mengine matatu ya aina yake, katika yadi ambayo kihesabio kimeshikwa na baba mkwe, hilo siwezi kulificha, na gazeti hili hufika maofisini saa tatu asubuhi. Kama unalisoma nyumbani, bado una muda kidogo. Vaa viatu, mzee wangu, umtangulie mkwe wako.