Hodi Mbele ya Picha

Mjukuu wangu Neema,

Nimefika Moshi salama, na goti la bibi yako limepata nafuu. Kule Washington, uliponipeleka kwenye jumba la makumbusho, uliniuliza kwa nini nilipiga hodi mbele ya picha ya yule mchoraji Mholanzi, ile ya maporomoko msituni, hadi mlinzi akageuka. Sikukujibu kwa sababu ulikuwa unacheka.

Kwetu hushuki kwenye maporomoko bila hodi, maana kina mama huoga pale. Nikiwa kijana nilishuka kimya siku moja, nikamkuta mama yangu analia peke yake. Aliponiona alinawa uso haraka, akajichekesha. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Basi mama yako akirudi kutoka kazini akakaa garini muda mrefu, usimkimbilie. Gonga kioo taratibu, ungoje mpaka akufungulie mwenyewe.

Babu yako