Dakika Ishirini za Pampu

Mpendwa Baba,

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana, maana kila mara nilianza na msiba wako ili atakayeisoma anihurumie kabla hajajua nilichofanya. Leo naanza na nilichofanya. Ijumaa ile, uliponiuliza ukiwa kitandani, nilikudanganya.

Unakumbuka kambi ya wakimbizi kule Kigoma, kazi yako ya kutia klorini kwenye matangi? Ulikuwa ukiniita nishike kichupa, unatumbukiza kidonge, na maji yakigeuka rangi ya waridi, ishara kwamba klorini imetosha, unafungua mabomba. Asubuhi moja hayakugeuka. Akina mama walikuwa wamepanga ndoo tangu alfajiri, wakakutukana wewe na ukoo wako wote. Hukufungua. "Wanitukane leo, wasiharishe kesho," uliniambia, ukaanza upya. Nadhani siku hiyo ndiyo niliyochagua kemia, hata kabla sijajua kwamba inaitwa hivyo.

Ndiyo maana ulijivuna nilipopata kazi kwenye mtambo wa umeme wa nyuklia, kule pwani. Kanisani uliwaeleza hata wageni kwamba maji machafu ya mtambo ule hayaendi baharini mpaka binti yako atie sahihi. Na kila niliporudi nyumbani kwetu hapa ugenini, Sparkhill, mwisho wa wiki, kabla sijavua koti, ulisikika kutoka sebuleni: "Maji yako iko namna gani?" Nami nacheka.

Ijumaa ile Mama alipiga simu mchana. "Toka sasa hivi. Baba yako anakutafuta."

Tangi lilikuwa limejaa maji yaliyotumika kuosha mitambo. Si yale ya mionzi, ila yana kemikali kali zinazopenda kutuama chini. Utaratibu ni kwamba pampu iyazungushe saa mbili nzima, juu na chini yawe sawa, ndipo nichote, nipime, nitie sahihi. Pampu ile ni ya zamani. Muda wake tunauandika kwa mkono. Niliizungusha dakika ishirini. Nikachota juu juu, vipimo vikatoka vizuri, nikaandika kwamba pampu imezunguka saa mbili, nikatia sahihi. Mlangoni nilikutana na Colin, fundi wa vipimo, mzee aliyebakiza miaka michache astaafu. "Uko sawa?" akaniuliza. Nikamjibu niko sawa, nikakimbilia treni.

Nilipofika hospitali, karibu na Harborne, ulikuwa umekwisha nguvu, lakini uliuliza swali lako.

"Safi, Baba," nikasema.

Ukamgeukia muuguzi, ukamwambia kwa Kiingereza chako cha kuokoteza kwamba huyu ndiye anayelinda bahari. Jumapili asubuhi ukatuacha.

Jumatatu mkubwa wangu alipiga simu kunipa pole. Kisha, polepole, akanieleza kwamba nusu ya tangi ilipokwisha toka, kipimo cha kwenye bomba la baharini kililia na vali ikajifunga. Kipimo kilionyesha maji ni makali kupita kiwango cha kibali chetu. "Wewe usijali," akasema. "Sampuli yako ilikuwa nzuri. Tunadhani Colin hakukirekebisha kipimo vizuri." Colin alikuwa amesimamishwa kazi.

Nikasema asante. Baba, nilisema asante!

Siku ya kukuzika, Colin alikuja. Alipanda basi saa nne nzima, ndani ya suti iliyombana, akakaa kiti cha nyuma kabisa katika ibada ndefu ya Kiswahili asichokijua hata neno. Mama akampakulia bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, akala akamaliza. "Baba yako alipendwa," akaniambia. Kazi hakuigusia. Nilitamani anitukane.

Wiki iliyofuata niliingia ofisini nikasema yote. Colin alirudishwa kazini, akaombwa radhi. Mimi nimeondolewa kwenye kutia sahihi. Siku hizi naosha vyombo vya maabara na kubandika lebo kwenye chupa za wenzangu. Wakaguzi hawakukuta samaki waliokufa. Watu hunitajia hilo kunifariji, nami najua ni bahati tu, si kazi yangu.

Nilimvizia Colin getini nimwombe msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nilikuuliza," akasema. "Ungeniambia baba yako anakufa, ningekutafutia mtu wa kukaa na pampu, nawe ungeenda zako." Hakupaza sauti. Akaingia ndani. Hatujazungumza tena.

Mama nimemweleza jana. Alikuwa akichambua maharage, akalisukuma sinia kando. Kisha akasema, "Jumapili utasimama kanisani, uwaambie mwenyewe. Walimshukuru Mungu kwa ajili yako."

Nitasimama, Baba. Naogopa nyuso zile kuliko nilivyoogopa wakaguzi. Lakini sikutaka jambo hili litamkwe mbele ya watu kabla wewe hujalisikia kutoka kwangu.

Pumzika.

Binti yako wa kwanza