Mchanga wa Bahari ya Sebuleni

Mpendwa Baba Halima,

Salamu nyingi, ingawa sijui nizielekeze wapi. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyoniletea kutoka pwani pamoja na wazimu wako wa samaki. Nani mwingine Garissa nzima, watu wakihangaikia maji ya ngamia, alikuwa na bahari sebuleni? Sanduku la vioo vya dirisha, limezibwa kwa lami, ndani yake mawe ya matumbawe yaliyo hai, samaki wa rangi, na maji ya chumvi uliyoyapakia kwenye mapipa kila lori lako liliposhuka Lamu. Mama yangu alikuja kutazama, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Hawa nakamuliwa?" Ulicheka hadi ukakaa chini.

Tuligombana juu ya jambo moja tu: sakafu ya ile bahari. Wewe ulitaka mchanga. Mimi nilitaka kioo kitupu, maana ni binti wa wafugaji. Chombo cha maziwa sisi tunakisugua mpaka chini kabisa, kisha tunakifukiza moshi, kwa sababu uchafu wa chini ndio unaoharibu cha juu. "Mchanga ya nini?" nilikuambia. "Chakula nabita, naoza huko chini." Ukaiiga hiyo "nabita" yangu, mimi niliyeshindwa kusema "inapita", halafu ukanijibu polepole, "Mke wangu, kila kiumbe kinataka pa kujificha." Ukanionyesha yule mdogo wa manjano, jua likizama, akijizika mchangani ili alale. Mchanga ukabaki.

Kisha vita vikaja, wapiganaji wakaitwa shifta, yaani majambazi, na sisi wote wa huku tukaanza kutazamwa kama wao. Askari walipopekua nyumba yetu, mmoja aliuona ule mchanga, akauliza tumeficha risasi ngapi. Akauchokora kwa mtutu wa bunduki, pembe hadi pembe. Risasi hakupata. Lakini uchafu wote uliolala chini ulipanda, maji yakawa meusi, nyumba ikanuka yai bovu. Kufikia alasiri samaki walikuwa wakielea, isipokuwa yule wa manjano.

Uliutoa mchanga wote kwa mikono yako. "Umeshinda, Mama Halima," ukasema. Wallahi, nilitamani nisingeshinda. Jioni ile samaki alishuka kujizika kama kawaida yake, akagonga kioo. Akarudia, akagonga tena. Wewe uligeuka ukatazama ukuta.

Asubuhi ukaenda kuomba kibali cha barabara. "Nitaleta maji mapya," uliniambia mlangoni, "na kiganja kimoja cha mchanga. Kimoja tu, usinune."

"Haya, kimoja. Lakini mimi ndio naosha."

Lori lilionekana njiani, upande wa Kotile, mapipa yametobolewa. Wewe hukuonekana. Wengine wanasema ni shifta, wengine wanasema ni askari, na wote wanasema kwa kunong'ona. Nilipokwenda kuuliza ofisini niliambiwa nirudi nyumbani nikalee mtoto. Kaka zangu hawaruhusiwi kutoka mjini kukutafuta. Samaki wako alikufa muda mfupi baadaye. Sanduku lipo palepale, kavu, na Halima anaweka viatu vyake ndani. Majirani wananiambia nisubiri, Mungu ni mwema. Najua ni mwema. Najua pia kwamba wewe hutarudi.

Kufa kwako nimeshakubali. Kinachoninyima usingizi ni ardhi ya kule, ngumu, mawe na miiba mitupu. Najiuliza umelazwa wapi, au kama kuna aliyekulaza. Mtu aliyemhurumia hata samaki! Naomba iwe alipita mtu, mchungaji au hata askari, akakuona, akakutupia kiganja kimoja cha mchanga.

Kimoja tu, Baba Halima. Sitanuna.

Mkeo,
Mama Halima