Bunduki Ndogo ya Shamba la Chunya

Shambani, Chunya

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, Mama. Natumaini barua hii imekukuta umekaa jikoni karibu na moto, siyo shambani umeinama. Mimi ni mzima kabisa, nakula na kulala, na vumbi la huku tumeshazoeana. Goti linasemaje? Wale wa hospitali ya Tosamaganga walikukataza kupanda mlima na ndoo kichwani, na kwa jinsi ninavyokufahamu utakuwa umeshapanda. Mwache Vestina achote maji, mwanangu ana miguu ya mbuzi. Je, bado anakataa kuchana nywele? Na baridi imeanza kukaza huko? Huku tunalala bila shuka, na mimi naikumbuka baridi ya kwetu mpaka nahisi kulia, halafu nacheka, maana nilipokuwa huko nilikuwa naitukana kila asubuhi.

Najua simu yako bado imekufa, ndiyo maana nimeshika kalamu. Dereva wa lori la alizeti ataishusha hii Ipogolo, kwa yule mama muuza nyanya, na yeye ataifikisha.

Sasa Mama, kama umesimama, kaa. Binti yako amepiga bunduki. Usifanye ishara ya msalaba kwanza, soma mpaka mwisho. Najua tangu gobore la Mjomba lilipomuunguza nyusi hutaki hata kulisikia neno lenyewe. Hii ni nyingine, na nilipiga ubao, sikupiga mtu.

Ilianza hivi. Bosi wetu, Mama Tusekile, yule mjane wa Ilomba niliyekusimulia, mwaka huu, mbali na tumbaku yake, amelima mahindi na karanga hadi kwenye vilima. Tumbaku nyani hawaigusi, lakini karanga wanazichimba kama vile wameajiriwa. Wanaanza mstari mmoja, wanaumaliza, wanahamia wa pili. Mama Tusekile akachoka. Akatuambia atanunua bunduki, kwa kibali, na atamweka mlinzi wa mazao wa kudumu. Huyo mlinzi atapewa ile nyumba ya bati iliyo karibu na geti.

Wa kudumu, Mama. Unajua mimi ni kibarua wa msimu, mavuno yakiisha na mimi nimeisha. Niliposikia habari ya nyumba, sikuwaza bati wala geti. Nilimwaza Vestina. Tangu nije huku namwona sikukuu mpaka sikukuu, na mara ya mwisho aliniamkia "shikamoo" kwa adabu kubwa kama anavyomwamkia mgeni wa parokia. Wewe ulicheka. Mimi sikucheka moyoni.

Tulijitokeza wawili. Mmoja ni mimi, kwa sababu nilipita mgambo na nililenga vizuri, wewe ni shahidi. Wa pili ni Shija, msimamizi wetu, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao. Ni mrefu, anacheka kwa sauti ya kuamsha kijiji, na mikono yake ni kama makasia. Simchukii hata kidogo. Ila nyumba ni moja.

Basi Mama Tusekile akatubeba wote wawili kwenye pikapu yake hadi Mbeya mjini, kwenye duka la silaha. Muuzaji alikuwa mtu mpole wa miwani, akatandika kitambaa mezani, akaweka bunduki mbili. Ya kwanza kubwa, ndefu, ina darubini juu yake, risasi zake ndefu kama kidole changu cha kati. Shija aliishika akaacha kucheka, nikajua amependa.

Ya pili ilikuwa fupi na nyepesi, kitako cha mbao, hata wewe ungeibeba begani kwenda sokoni. Ni ya kukoki kwa mkono. Unainua komeo, unalivuta nyuma, ganda linaruka nje, unalisukuma mbele, risasi nyingine imeingia. Inapiga moja moja, hakuna kumwaga risasi ovyo. Na ajabu yake ni kwamba inakula risasi za bastola, zile zile fupi nene ambazo Mama Tusekile ananunua kwa ajili ya bastola yake ya kibali, anayotembea nayo akienda kununua mazao.

Shija akaipima kwa mkono mmoja. "Bosi, hii ni ya kufukuzia kuku bhana."

"Gwe Shija, nyamaza kwanza nimsikie mwenye duka," Mama Tusekile akasema.

Muuzaji akaeleza bila haraka. Risasi ya bastola ikitoka kwenye mtutu mrefu kuliko wa bastola inapata nguvu zaidi, bunduki inatulia begani, na kelele si nyingi. Akauliza kama jirani na shamba kuna watu. Mama Tusekile akasema watu wapo, wachimbaji wadogo wa dhahabu, wamejaa porini, unaweza kudhani pori ni tupu kumbe kichwa cha mtu kinatokea shimoni. Muuzaji akasema basi mfikirie hilo, kwa sababu risasi ya hii kubwa ikimkosa nyani inaendelea na safari yake mbali sana. Ya hii ndogo inachoka mapema.

Tukapelekwa uwanja wa kulenga shabaha, askari akisimamia. Shija akapiga kubwa, kila risasi ikaingia ubaoni, hata kwenye ule ubao wa mbali kabisa. Ikaja zamu yangu. Mama, ile kubwa iliniketisha chini. Nilikaa kwenye mchanga kama nimealikwa, bega linawaka moto, na risasi sijui ilikwenda wilaya gani. Askari aligeuka pembeni ili asinicheke usoni. Shija hakugeuka popote.

Ile ndogo ilinikubali. Kwenye ubao wa karibu nilitoboa matundu yanayofunikwa na kisosi cha chai. Lakini kwenye ubao wa mbali risasi zangu zilikuwa zinaanguka chini zinarusha mchanga, na hapo nikamwona Mama Tusekile anatikisa kichwa.

"Nyani wangu wako mbali," akasema. "Mkitokea tu, wao wameshafika kwenye mawe. Nitawafukuzaje kwa kidude kinachochoka njiani?"

Alisema kweli, hata mimi nimewaona wakikimbilia mawe. Tulifikia kwake Ilomba, akatupikia ndizi na maharage, nikala bila kusikia ladha. Nilikuwa nimeshaanza kupanga moyoni jinsi nitakavyokueleza kwamba nimekosa. Ila yeye si mtu wa kununua kwa pupa. Asubuhi akasema hatununui kitu, turudi kwanza shambani akaone kwa macho yake kila mmoja wetu anawafikia nyani umbali gani. Tutashika mipini ya majembe badala ya bunduki.

Mama, siku hiyo watu wa shamba waliacha kazi waje kutazama.

Alianza Shija. Aliingia kwenye karanga kwa kunyatia, mpini begani, jicho moja amelifumba. Nyani mlinzi aliyekuwa juu ya jiwe akabweka mara moja tu, na kundi lote likahamia kilimani, likakaa huko linajikuna. Mama Tusekile akasema, "Umeona? Wako mbali hivyo." Shija akaona bado anaweza kusogea. Akamwomba mpishi wetu kitenge, akajifunga, akavaa kilemba, akaweka na kikapu kichwani, kwa sababu huku kila mtu anasema nyani hawamwogopi mwanamke. Mama yangu, laiti ungemwona! Kilemba kilimkaa vizuri, sitadanganya. Lakini alitembea zile hatua zake za kuswaga ng'ombe, kitenge kikapanda magotini, kikapu kikaanguka, na akatamka neno ambalo mwanamke mwenye heshima hawezi kulitamka. Nyani wakapiga kelele zote walizonazo. Mpishi alilia machozi kwa kucheka, na Mama Tusekile alishika bodi ya pikapu huku akimwita Mungu kwa lugha ya kwao, "Ee Kyala! Ee Kyala!"

Ikafika zamu yangu. Sikunyatia. Nilishika mpini kama ninavyoshika jembe kila siku, nikaingia kwenye mstari, nainama, nainuka, nang'oa jani hapa na pale. Nyani walikuwa wameshaanza kurudi. Waliniona. Hawakukimbia. Dume moja kubwa lilinitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji, likaendelea kufukua. Nikasogea. Likachambua karanga, likatupa ganda upande wangu. Nikasogea tena mpaka nikaona meno yake ya njano na kovu puani, nikainua mpini, nikauegemeza begani na kulenga. Ndipo lilipoinuka taratibu na kuondoka, tena bila haraka.

Kwa kweli nilikasirika. Nyani kunidharau mbele ya watu wote! Nilirudi nimenuna, nikidhani nimeaibika. Shija akamgeukia Mama Tusekile, kilemba bado kichwani.

"Bosi," akasema, "mimi bila ile ndefu siwapati. Lakini huyu dada wanamsubiri. Kutoka pale aliposimama hata hiyo ya kuku inatosha, na haifiki kwa wachimbaji."

"Na wakishajua ana bunduki?" Mama Tusekile akauliza.

Shija akakirekebisha kilemba. "Wakishajua, wataogopa wanawake wote. Hata mpishi akitoka na mwiko watakimbia. Si ndicho unachotaka?"

Mama Tusekile akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanishika bega, lile lile linaloniuma, akasema, "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Tumechukua ndogo."

Nilimkumbatia Shija na kilemba chake. Angeweza kunyamaza, Mama, na nyumba ingekuwa yake. Alisema ana nyumba tayari, alichotaka ni ile darubini tu, aangalie ng'ombe wa shemeji yake kutoka mbali. Sijui kama ni kweli au alinirahisishia, lakini namwombea.

Bunduki bado haijafika, vibali vinashughulikiwa polisi, na lazima nipite mafunzo kwanza. Ikija itakaa kwenye sanduku la chuma ofisini kwa Mama Tusekile. Nitaichukua asubuhi na kuirudisha jioni, haitalala kwangu hata siku moja, kwa hiyo pumua. Afisa wa wanyamapori naye ametuelekeza kwamba kazi ya kwanza ni kuwatisha, na akipigwa mmoja sugu tunatoa taarifa. Mtendaji wa kijiji huko nyumbani anaweza kuulizwa tabia zangu. Mkaribishe pombe ya ulanzi mapema, tafadhali, na umwambie mimi ni mtulivu.

Nisalimie sana Mjomba mwenye gobore, mwambie ya kwangu haiunguzi nyusi. Msalimie Shangazi wa kule bondeni na umuulize kama mbegu za viazi zilifika. Baba Katekista wa kigango chetu mwambie misa za huku naenda, ingawa ni mbali na nafika na viatu vimebadilika rangi. Jirani yetu Mama Fidelis mpe mkono wangu, na umshukuru kwa kukusaidia kuni.

Sasa lile lililonifanya nisilale vizuri. Nyumba nimeshakabidhiwa ufunguo. Shule iko karibu, mwalimu mkuu amesema Vestina aje muhula ukianza. Nilifurahi nikapiga vigelegele peke yangu kwenye chumba kitupu, halafu nikanyamaza ghafla. Niliona jikoni kwako jioni, umepakua sahani mbili kwa mazoea, na mmoja hayupo. Umemlea tangu hajaota meno. Siwezi kumchukua kwako kama mtu anayechukua mzigo aliouacha stendi, na siwezi kuendelea kuwa mgeni wake.

Mama, huku ni joto, na joto ni zuri kwa goti. Hakuna mlima wa kupanda, bomba liko mlangoni. Nyumba ina vyumba viwili. Mimi na Vestina kimoja kinatutosha.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Konsolata