Tundu la Hewa kwenye Jiko Lako

Baba,

Jana mama alipika chai kwa gesi yako. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza.

Tangu tukuzike jiko lile lilikaa kimya. Wageni wa matanga walipikiwa nje kwa kuni, na walipoondoka hapa Karurumo, mama akajaribu kuliwasha. Moto ukatoka wa manjano, mrefu, ukaipaka sufuria masizi. Mama akazima, akakaa. "Wanja, hii gesi wachana nayo tu. Ilikuwa ya baba yako, imeenda na yeye." Akarudi kwenye kuni, na kile kikohozi kilichokufanya ujenge mtambo mzima wa gesi ya kinyesi cha ng'ombe kikarudi pia. Nilikuwa namsikia akikohoa jikoni, nakukasirikia wewe. Samahani, lakini ni kweli.

Basi wiki hii mwalimu wa kemia akaandika ubaoni mlinganyo wa jinsi methani, gesi kama hii yako, inavyoungua, tusawazishe. Nikaanza kama kawaida yangu kubadilisha zile namba ndogo za chini, nikakusikia ukiniita kama zamani: "Mami, namba ndogo usiguse! Ukiigusa umenipa kitu kingine." Unakumbuka pale mezani? Punje moja nyeusi ya njahi ni kaboni, punje nne za mahindi ni hidrojeni, na maharagwe mekundu ni oksijeni, yanakuja mawili mawili. Maharagwe uliyaacha mwisho, ukiongeza mpaka pande zilingane. Na mama amesimama mlangoni anangoja tumrudishie mahindi na maharagwe yake apike githeri!

Nikayapanga kichwani. Maharagwe manne, pande zikalingana. Halafu nikajiuliza, yakipungua je? Njahi ikikosa maharagwe yake inaenda wapi? Inabaki vilevile, nyeusi, inakuwa masizi. Sufuria ya mama, Baba! Gesi haikuwa na shida yoyote, ilikosa hewa.

Nilipofika nyumbani nilifunga gesi, nikachungulia lile tundu la hewa chini ya jiko. Nyigu alikuwa amejenga nyumba yake ya udongo humo ndani, wakati sisi tunalia nje. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia, maana ningetaka sana uone. Nikautoa udongo kwa waya, nikamwita mama awashe mwenyewe. Moto ukatoka wa bluu, mfupi, na ule mvumo wake. Mama aliuangalia sana. "Kumbe haikuenda na yeye," akasema, akaweka maziwa.

Leo asubuhi nimeamshwa na kelele za vikombe. Nimelala kidogo zaidi nikisikiliza, na kikohozi sijakisikia.

Pumzika sasa, Baba. Hasira zimebaki kidogo tu, zitaisha. Kila Jumamosi nitalichungulia lile tundu, na kwenye mtihani namba ndogo siigusi. Mama asikohoe tena kwa sababu ya moshi, hilo niachie mimi.

Mami wako,
Wanja