Gundi Iliyovua Wigi

Mama Careen,

Nimerudi Mjimwema, kwenye saluni ya Mama Ekaristia. Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Careen asiguse gundi iliyo dirishani, mimi mwenyewe vidole viwili vimeshikana tangu jana.

Juzi uliniambia mkanda wa plastiki wa kuzungushia kibao cha alumini cha saluni unataka silikoni, tena uachwe ukauke siku nzima. Nikakujibu supaglu inashika kwa dakika moja. Ilishika kweli. Leo asubuhi jua lilipopiga, plastiki ikajikunja, na Mama Ekaristia alikuwa amesimama chini ya kibao akikaribisha wageni wa ufunguzi. Mkanda ukachomoka, ukanasa wigi lake, ukalinyanyua juu mbele ya katekista. Vigelegele vikakatika.

"Fundi, nani alikushauri gundi hii?" akauliza, kashika kichwa kwa mikono miwili.

~~Nikasema ni mimi.~~ Nikasema ni mke wangu. Nisamehe, watu walikuwa wengi.

Ndiyo maana nimeondoka bila kunywa chai. Nitamwambia Mama Ekaristia ukweli kwanza, wageni wakiwa bado wapo, halafu nitabandua kile kibao na kukianza upya. Nimechukua silikoni yako, ile uliyonificha kabatini. Kibao kitalala huko kikauke mpaka kesho, kama ulivyosema.

Ulikuwa sahihi. Nimeandika mara moja, basi. Jioni usinitake niseme hivyo kwa mdomo, hasa mama yako akiwepo.

Baba Careen