Arobaini na Tano Si Mara Tano ya Tisa

Yakobo mwanangu,

Huna adabu! Ujumbe mrefu kama kamba ya kisima, shikamoo haimo, habari ya mguu wangu haimo, ila "Mama, kazini kwako kuna risasi, niulizie bastola ipi kubwa." Mimi ni mama yako au fundi wa bunduki? Haya, marahaba, ingawa hukunipa. Mguu unauma baridi ikija, lakini natembea. Ninyi hamjambo? Mjukuu wangu Neema ameshaota yale meno ya mbele? Nakuandikia kwenye karatasi, dada yako ataipiga picha akutumie, maana sauti ninazokurekodia huzisikilizi mpaka mwisho.

Kwanza, hesabu yako ya kilevi. Unasema bastola ya arobaini na tano ina nguvu mara tano ya ile ya tisa. Nani kakwambia? Mimi kazi yangu pale kwenye ukumbi wa shabaha, huku ugenini Clairwood, ni kuokota maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa na kuyatenga kwa ukubwa. Yana tabia ya kuingiana kama sufuria. La tisa hujificha ndani ya la arobaini na tano, na la ishirini na mbili ndani ya la tisa. Ishirini na mbili ndani ya tisa! Nikamwuliza Mama Bea, yule Mkongo ninayeokota naye, "Hawa watu nani aliwafundisha kuhesabu?"

Akacheka mpaka akakaa chini. "Bibi, iko vipimo mbili. Tisa ni milimita. Zile zingine ni inchi, wanaikata vipande mia."

Kumbe ni kama kitenge, huyu anapima kwa yadi, yule kwa mita. Nikayaweka mawili kiganjani. Hiyo arobaini na tano yako imeizidi tisa kama kidole gumba kinavyokizidi cha shahada, basi.

Na nguvu je? Hilo likanikereketa, nikashindwa kutulia. Nikamkabili mwalimu wa shabaha, Mhindi mmoja mpole. "Ipi ina nguvu?"

"Nguvu ya kufanya nini, Gogo?" Huku bibi ndiyo gogo.

"Usinijibu kwa swali, mimi si mwanafunzi wako."

Akapanga madumu ya maji kwa mstari, akaniziba masikio, akanisimamisha nyuma yake. Ile nene ni nzito, haina haraka. Dumu la kwanza lilipasuka maji yakaruka darini, lakini risasi ikaishia la nne. Ile ya tisa, nyembamba yenye mbio, ikafika la tano. Nikauliza kwa dharau, "Na hako kadogo ka ishirini na mbili?" Akasimamisha ubao, unene kama wa ukuta wa duka lako. Kadogo kakapita. Akapiga na zile mbili, nazo zikapita. Nikaenda kuchungulia. Tundu la ile ndogo punje ya hindi haipenyi, lakini upande wa pili niliona mwanga.

Yakobo! Nyuma ya ubao wa duka lako ndiko analala Neema.

Sikukatazi bastola. Wamekuvunjia duka mara mbili, kibali umepewa, ndevu unazo. Lakini uliuliza ipi itamwangusha mwizi, hukuuliza risasi itaishia wapi. Na mwizi akija na yake, hatakuuliza mtoto kalala upande gani.

Msalimie mkeo Zawadi, mwambie dawa ya mguu imefika na inanuka vibaya. Mpe dada yangu mkubwa shikamoo yangu, yeye anajua kuitikia. Na fundi jirani aliyekujengea jiko lenye kuta za tofali, mwambie namwombea.

Mimi mama yako,
Bibi yake Neema

Sasa weka simu mezani. Wewe shika kitanda cha Neema kichwani, Zawadi ashike miguuni, mkipeleke jikoni kwenye kuta za tofali, leo, kabla mtoto hajarudi kutoka shule.